Nilikuwa najiita Ally

Kwa miaka tisa, wanawake niliokutana nao hapa Dar es Salaam walinijua kwa jina la Ally. Walikuwa saba, nikimhesabu na yule tuliyeongea mara moja tu ndani ya kivuko tukielekea Kigamboni. Wote saba waliliandika jina hilo kwenye simu zao. Mama yangu aliyenizaa hajawahi kuniita hivyo hata siku moja.

Jina langu la kweli linaanza na herufi B. Nina kigugumizi tangu nikiwa na miaka minne, na hakuna herufi inayonikamata kama hiyo. Midomo inakutana, halafu inagoma kuachana. Pumzi inabaki kifuani, shingo inakaza, jicho la kushoto linafumba lenyewe, na aliye mbele yangu anaanza kutazama pembeni au ananimalizia neno kwa huruma. Sasa hilo likutokee kwenye swali la kwanza kabisa ambalo mwanamke yeyote atakuuliza. "Ally" linaanza na irabu, linateleza. Nikalichukua, nikakaa nalo.

Nina miaka 37. Ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kariakoo, jirani na Mtaa wa Congo. Nashona suti za kiume, na nyingi ni za harusi. Kila baada ya Idi na kila Desemba mabwana harusi wanapishana mlangoni. Nimewapima mabega wanaume wanaotabasamu peke yao kwenye kioo, na wengine waliokuwa wanatetemeka hadi futi inacheza mkononi mwangu. Wote wananiita Fundi. Kariakoo nzima inaniita Fundi, na neno hilo lilinificha kuliko hata Ally.

Nimelipa pesa mara mbili kufundishwa namna ya kuongea na mwanamke. Najua wapo wanaume wengi wanaolipa sasa hivi, usiku, kimyakimya, kwa simu, bila kumwambia rafiki. Kwa ajili yao naandika.

Kwanza nieleze kitu ambacho mtu asiye na kigugumizi hawezi kukiona. Unachokisikia mtu anapokwama ni sehemu ndogo tu, ni lile neno lililomshinda kulikimbia. Yale aliyoyakimbia huyasikii. Mimi naiona sentensi inakuja, naona B imekaa maneno matatu mbele, nachepuka kabla sijaifikia. Sisemi "baba", nasema "mzee". Sisemi "bahari", nasema "ufukweni". Nikiwa kwenye daladala nikitaka kushuka Buguruni, napitiliza hadi kituo kinachofuata kisha narudi kwa miguu. Nimekula pilau miaka na miaka kwenye hoteli ambazo biriani lake linanukia hadi barabarani, kwa sababu mhudumu akisimama juu yangu na kuuliza, pilau ndilo linalotoka.

Kwa hiyo mwanamke aliyekaa na mimi mezani alikuwa amekaa na mtu anayeitwa Ally, anayependa pilau, asiyemtaja baba yake. Na kila nilichomwambia kilikuwa kimechaguliwa na midomo, moyo haukuulizwa.

Mara ya kwanza kulipa ilikuwa mwaka 2022. Tangazo lilinijia kwenye simu: darasa la wiki sita, mwanaume ajiamini, mwanamke akutafute yeye. Sh 60,000. Nikatuma. Nikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp lenye wanaume zaidi ya mia mbili, na kila asubuhi kocha alikuwa anatutumia sauti ya dakika kumi hivi na sentensi za kukariri. Usijibu meseji yake kabla ya masaa matatu kupita. Usitaje kipato, sema una miradi. Usijieleze, mwanaume hajielezi. Mtajie kasoro yake moja ndogo, ili atumie muda wake kukuridhisha.

Nilizikariri zote. Nikishafunga kazi, mafundi wenzangu wakiondoka, nasimama mbele ya kile kioo kirefu cha wateja na kuzisema, na zilitoka bila kukwama hata moja. Hiyo ni kawaida kwa watu kama mimi. Ukiwa peke yako unaongea, ukiimba unaimba, ukisoma na wengine kwa sauti moja unasoma. Madrasa kule Muheza sikuwahi kukwama tulipokuwa tunasoma wote. Ustadhi aliponinyooshea kidole mimi peke yangu, ndipo dunia iliposimama. Mbele ya kioo nikaamini nimepona. Nikaamini kwamba kumbe nilikuwa nakosa maneno ya kusema, na sasa nimepewa.

Wakati huo nilikuwa naonana na dada mmoja aliyekuwa anafanya kazi duka la dawa Magomeni. Alikuja kupunguza suruali za kaka yake, akarudi kuzichukua, akarudi tena bila suruali. Alikuwa na kicheko kikubwa, cha kurusha kichwa nyuma. Jioni moja tuko Coco Beach tunakula mihogo, amecheka hivyo, watu wa benchi la pili wakageuka na wao wakacheka. Nikakumbuka somo la wiki ile. Nikamwambia, "Unacheka kwa sauti sana." Sentensi haina B. Ilitoka laini kabisa.

Alinyamaza, akafuta mdomo. Na kuanzia siku ile, alipokuwa na mimi, alicheka akiwa ameweka kiganja mdomoni.

Niliandika kwenye kundi kwamba mbinu imefanya kazi. Wanaume walinipongeza. Nakumbuka zile alama za moto na za misuli zikiteremka kwenye kioo cha simu. Katika yote nitakayoyasimulia hapa, hili ndilo ninaloona aibu nalo zaidi ya lile la jina. Nilikuwa na mtu aliyefurahi kukaa na mimi, nikalipia pesa kujifunza kumpunguza.

La jina lilitokea wiki chache baadaye. Nilikuwa nimemkopesha Sh 30,000 akalipe deni la kodi ya chumba, nikampa taslimu mkononi, kwa sababu pesa za simu nilikuwa nazikwepa naye kwa makusudi. Yeye akaamua kunirudishia bila kuniambia. Unajua inavyokuwa: kabla hujathibitisha, simu inakuonyesha jina la unayemtumia. Yakatokea majina yangu matatu, kamili, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Hamna Ally. Akapiga picha kile kioo, akanitumia, na chini yake akaandika, "Huyu ni nani?"

Kisha akapiga. Kwa mtu mwenye kigugumizi, simu ni mahali pagumu kuliko pote, maana kule hakuna uso. Mtu wa upande wa pili hakuoni ukihangaika, anasikia ukimya tu. Nilipokea nikitaka kusema "Basi nisikilize." Midomo ikafunga. Akasema, "Haloo?" Nikasukuma. "Haloo? Ally? Haloo?" Akadhani ni mtandao, akakata. Alipopiga mara ya pili sikupokea. Jioni akaandika kwamba nina mke mahali, kwamba mwanaume hafichi jina lake bure, na kwamba nisimtafute tena.

Ningeweza kuandika ukweli kwa vidole. Vidole havina kigugumizi. Lakini nilikwenda kwanza kuuliza kwenye kundi, na kocha mwenyewe akanijibu: usijieleze, mfungie, tafuta mwingine. Nikamfungia.

*

Mwaka mzima baadaye alikuja mzee mmoja na koti lake la miaka mingi, amepungua mwili, anataka nilibane mabega. Mwalimu mstaafu. Alifundisha Kiswahili sekondari na kusimamia maigizo ya shule kwa zaidi ya miaka thelathini. Namzungushia futi, akaniuliza jina. Nikasema Ally. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwandikia risiti, akaisoma polepole kwa miwani iliyoshuka puani, akaikunja, akaitia mfukoni. Risiti zangu zina jina langu lililochapwa juu.

Siku aliyokuja kulichukua koti alinilipa, akalivaa, akajitazama, akaridhika. Halafu akasema, "Kijana, Jumamosi saa nne asubuhi nakaa na wanaume sita pale Sinza, kwenye shule ya chekechea ya binti yangu. Tunafundishana kuishi na wanawake bila kuigiza. Ni elfu kumi na tano kwa Jumamosi, na Jumamosi ni nane. Ukija, njoo na jina la kwenye risiti."

Nilikasirika. Nilikasirika siku nne. Siku ya tano ilikuwa Jumamosi, nikaenda.

Darasa lenyewe lilikuwa na viti vidogo vya watoto, na sisi wanaume wazima tumekaa magoti yamefika kifuani. Ukutani kulikuwa na herufi zenye picha. Nilikaa bila kuangalia, nikainua macho, mbele yangu kabisa: b, bata. Bata mweupe mwenye mdomo wa njano. Nilimtazama bata yule Jumamosi nane.

Mwalimu alikuwa na sharti moja alilolisema kabla hatujajitambulisha. "Hapa hakuna kummalizia mtu neno lake. Neno la mtu ni mali yake. Usimwibie." Nilijua kwamba ananizungumzia mimi, kumbe wengine nao walisikia wanazungumziwa wao. Zamu yangu ilipofika nilikwama. Sijui ni sekunde ngapi. Nje kuna pikipiki ilipita, ikaenda hadi sauti ikapotea, na mimi bado niko kwenye herufi ya kwanza. Hakuna aliyetazama pembeni. Nilipolitoa jina, Mwalimu akasema, "Karibu," akaendelea na wa pili yangu kama vile hakuna lililotokea. Nilikuwa nimeloa jasho mgongo mzima, na nilikuwa nimesema jina langu mbele ya watu sita.

Mwalimu alikuwa na nadharia yake, na aliirudia sana. Wasichana wa pwani, alisema, wana somo au kungwi wa kuwafunda, wana mwali kuwekwa ndani. Hata huku mjini walipoacha ngoma wakabuni kitchen party, angalau usiku mmoja mwanamke anaambiwa jambo na wakubwa zake. Alimtaja marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, ambaye dunia ilimjua kwa taarabu lakini wanawake wa kwao walimjua pia kwa unyago. "Na nyinyi je? Jando lenu liko wapi? Mnatahiriwa hospitali mkiwa wachanga, mnapewa dawa ya maumivu, basi. Nani aliwakalisha akawaambia mwanamke ni mtu?" Mimi nilikulia Muheza, nilisikia ngoma za kina dada zangu kutoka uani, nikafukuzwa na fimbo niliposogea. Kwa hiyo neno lake lilinigusa. Ila sikubaliani naye katika yote. Ana mambo ya zamani, kwa mfano kwamba mwanaume akiachia mwanamke alipe chai hata mara moja amejivunjia heshima. Tulibishana naye Jumamosi moja nzima, na bado naona amekosea. Lakini alibishana nasi kama watu, na kocha wa kwanza hakuwahi kujibu hata swali moja la mtu bila kumpa sentensi ya kukariri.

Mazoezi yalikuwa machache na ya kuchosha. Moja ni kusikiliza. Wawili mnakaa mkitazamana, mmoja anaongea dakika tatu, mwingine haruhusiwi kuuliza wala kushauri, na mwisho anasimulia alichosikia. Nilidhani mimi ni msikilizaji mzuri kwa kuwa siongei sana. Nilishindwa. Dakika zote tatu nilikuwa natunga sentensi yangu isiyo na B. Ndivyo nilivyogundua kwamba kwa miaka yote ile sikuwa nawasikiliza wale wanawake. Mtu anakueleza kuhusu mama yake mgonjwa, wewe uko ndani kichwani unapanga maneno kama kete.

Jingine lilihusu pesa. Kila mtu aliandika anachoingiza kwa mwezi, kisha akamwambia mwenzake kwa mdomo, macho kwa macho. Hapo nilijua sikuwa peke yangu mwenye Ally. Mwenzetu wa benki alikuwa anaazima gari la shemeji yake kila anapotoka na mwanamke, miaka miwili sasa, na alikuwa ameshamwahidi mmoja safari ya Bagamoyo kwa gari hilo. Kijana wa bodaboda wa Kimara alikuwa anawaambia kwamba pikipiki ni zake tatu, wakati analipa hesabu ya jioni kwa mwenye chombo. Baba mmoja wa miaka 51, aliyeachana na mkewe, alikuwa anapaka nywele rangi na kusema ana miaka 43. Nimewaomba ruhusa kuwaandika, wote watatu wamekubali. Yule wa bodaboda alisema niandike na kwamba mwanamke ambaye yeye alimwambia ukweli bado yuko naye.

Zoezi lililonibadilisha mimi lilianza na swali. Mwalimu aliniuliza, "Ukikwama unafanya nini?" Nikasema nakimbia neno. Akafikiri. Alisema yeye si daktari, ila miaka yote ya maigizo ameona mwanafunzi anayesahau maneno jukwaani. Anayeumia ni yule anayejaribu kukimbia jukwaa. "Kwa hiyo wewe nenda ukakwame kwa kutaka. Lichague neno gumu, likwamishe mwenyewe, ukae nalo."

Niliona ni ukatili. Usiku nikasoma kwenye simu, na hapo nikakuta watu wa tiba ya usemi wana zoezi hilo hilo miaka mingi. Charles Van Riper, Mmarekani aliyefundisha Michigan na ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, alikuwa miongoni mwa walioliendeleza: kwama kwa hiari, mbele ya watu, ili woga upungue. Nilisoma hadi saa nane za usiku. Nikajua kwamba kati ya watu wazima, karibu mmoja katika kila mia ana kigugumizi. Kwamba wanaume tunawazidi wanawake kwa karibu wanne kwa mmoja. Kwamba watoto wapatao watano katika mia hupitia hali hii na wengi wao huiacha njiani. Kwamba mzizi wake uko kwenye jinsi ubongo unavyoendesha usemi, na mara nyingi hurithiwa. Majirani zetu walikuwa wanamwambia mama kwamba nilitekenywa sana nikiwa mchanga, na mama aliubeba mzigo huo. Kila alfajiri alinisomea ile dua ya Nabii Musa ya kuomba fundo la ulimi lifunguliwe. Nilimpigia asubuhi ile nikamwambia hakuna alichokosea. Alilia kwenye simu. Hiyo peke yake ilinitosha kwa pesa yote niliyolipa Sinza.

Jumamosi iliyofuata nilitumwa Kariakoo kwangu mwenyewe, kwa watu ishirini, kuuliza neno moja: bei. Hebu fikiria. Nimefanya kazi Kariakoo miaka kumi na miwili na sijawahi kusema "bei". Nilikuwa nasema "hii shilingi ngapi?" Nikaanzia kwa wauza mitumba. "B-b-b-bei gani?" Nikaikwamisha mimi, kwa makusudi, halafu ikanikwama yenyewe, ya kweli, na sikuweza tena kutofautisha. Muuzaji mmoja alicheka. Mama wa khanga alinitajia bei kabla sijamaliza na akaongeza ya doti lingine. Kijana wa mikanda alisema, "Taratibu kaka, hatuna haraka." Wengine wote, kumi na saba, walinijibu bei. Basi. Nilirudi dukani nikakaa juu ya robota la vitambaa. Nilikuwa nimepanga maisha yangu yote kukwepa jambo ambalo watu kumi na saba kati ya ishirini hawakulijali.

Yupo dada anayeuza bitana na vifungo kwenye duka la jumla ninalonunua. Nilimpenda miaka miwili kimyakimya. Wiki ya sita nilimsubiri amalize mteja, nikamwambia jina langu, kwa kukwama, kisha nikasema: nina kigugumizi, nipe muda, nataka kukuuliza jambo. Akaweka chini mkasi. Nikamuuliza kama angependa siku moja tukale biriani.

Alisema, "Kaka, mimi nina mchumba, tunafunga ndoa mwakani. Ila ahsante kwa kuniuliza vizuri."

Nilirudi kazini kusubiri niumie. Zamani ningelala siku mbili. Jioni ile nilikata suruali mbili na koti, mkono umetulia, chaki imenyooka. Alikuwa ameniambia hapana mimi. Wale saba, hata waliosema ndiyo, walikuwa wanamwambia mtu mwingine. Mwaka uliofuata bwana wake alikuja kushona suti kwangu, yeye mwenyewe ndiye aliyemleta.

Kabla ya Jumamosi ya mwisho nilimwondolea kizuizi yule dada wa Magomeni. Nilimwandikia ukurasa mzima: jina, kigugumizi, ile simu aliyodhani ni mtandao, na kicheko. Nilimwambia kicheko chake hakikuwa na kosa lolote na kwamba nilifundishwa kusema vile na nikakubali kufundishwa. Sikuomba turudiane. Alijibu siku ya tatu, mstari mmoja: "Nimesoma. Ungesema tu."

*

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, aliingia mwalimu wa shule ya msingi ya huko Mbagala. Anataka majoho madogo arobaini ya mahafali ya watoto wa awali. Tukaelewana kitambaa, tukaelewana siku. Akafungua daftari lake aandike jina la fundi, kalamu imegusa karatasi.

Nilikwama vibaya. Jicho lilifumba, nilihisi shingo. Nilipofungua jicho, kalamu ilikuwa pale pale kwenye karatasi na yeye ananitazama usoni, hana haraka, hana huruma, anasubiri jina. Likatoka. Akaliandika.

"Na la baba?" akauliza.

Jina la baba yangu pia linaanza na B. Akasubiri na hilo.

Hatukuanza siku ile. Alikuja kukagua majoho mara tatu, ya tatu yalikuwa yameshaisha. Mtoko wa kwanza nilimwambia naingiza kiasi gani mwezi mzuri na kiasi gani mwezi mbaya, na kwamba chumba changu cha Temeke ni cha kupanga. Akaniambia ana mkopo wa benki wa miaka minne na mdogo wake anayemsomesha. Nilikula biriani. Kuna siku tuligombana kwenye simu, na nilikwama katikati ya hasira yangu, na yeye akanyamaza hadi nilipomaliza, kisha akaendelea kunigombeza pale alipoachia. Sijawahi kupewa heshima kubwa kama hiyo na mtu aliyenikasirikia.

Bado nina kigugumizi. Nisidanganye mtu hapa. Siku nikiwa nimechoka nakimbia maneno, juzi tu nimepitiliza Buguruni. Na kama una kigugumizi na unasoma hapa, ukipata mtaalamu wa tiba ya usemi, mwone. Mwalimu wa Sinza hakunitibu ulimi na hakuwahi kudai hivyo.

Posa imekwenda, imejibiwa. Barua iliandikwa na mjomba, mshenga akasema yote, mimi sikuwepo. Kwa desturi zetu mwanaume mwenye kigugumizi anaweza kuposa bila kufungua mdomo, na kuna wakati ningeshukuru sana. Lakini kwenye nikaha yenyewe, kwa kawaida mshenga hamsemei bwana harusi aliyekaa pale. Sheikh ataniozesha, na mimi nitajibu kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi, kwamba nimekubali. Na jina la bibi harusi linaanza na M. Midomo inakutana vile vile kama kwenye B.

Nilikwenda kumuuliza sheikh wa msikiti wetu. Nilikuwa na hofu kwamba jibu likichelewa ndoa inaharibika. Alinituliza, akasema aliyekwama hajachelewa, amekwisha anza kujibu. Halafu kwa wema akanionyesha njia: si lazima nitaje jina. Inatosha kusema nimekubali ndoa yake. Maneno matatu, hakuna hata moja linaloanza na B wala M.

Nilimpelekea mchumba wangu habari hiyo jioni. Alikuwa barazani kwao anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu mkononi. Nikamweleza yote, la kuchelewa na lile la njia fupi. Alimaliza kusahihisha ukurasa aliokuwa nao.

"Kwa jina," akasema. "Nitakuwa chumba cha ndani na kina shangazi, nasikiliza. Nitasubiri."